Kadi Mbili za Nyumba Yetu ya Malindi

Nakuru, Jumatatu

Mdogo wangu Bakari,

Assalamu alaikum. Nianze na afya, kwa sababu tulilelewa hivyo. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji Saumu, kifua kimempa nafasi? Mimi ni mzima. Mvua inanyesha huku tangu wiki iliyopita, na miaka arobaini haijanizoesha baridi ya Nakuru. Bado nasoma nikiwa nimevaa koti.

Kadi za picha ulizonitumia zimefika. Uliandika kwamba hoteli iliyonunua nyumba yetu inazigawa kwa wageni: moja ya zamani, nyingine ya sasa, zote mbili zimepigwa kutoka mahali pamoja. "Kaka, ona Malindi yetu ilivyopendeza," ukaongeza. Nimeona.

Nilikuwa nimezipanga mezani Mama Njeri alipoleta viazi. Ni jirani yangu, ana shamba Dundori, na kunyamaza hakujui.

"Ala! Mwalimu, huku ndiyo kwenu? Na bado unakaa hapa ukitetemeka kama kuku imenyeshewa?"

Nilicheka. Nikamwonyesha mlango wetu, dirisha la chumba tulimozaliwa, na mti wa mkungu tuliokuwa tukiuparamia. Alizisogeza kadi pamoja, akaweka kidole kwenye ile ya zamani.

"Mti ni ule ule. Lakini hii ukuta nyeupe imeenda wapi? Na haya mawe?"

"Ni makaburi," nilimwambia. "Babu, bibi na mama."

Aliitazama kadi mpya, mahali pale pale, penye bwawa la kuogelea na viti vya kulalia. "Woi, Mwalimu. Pole. Sikujua." Akaondoka bila kunywa chai, naye hajawahi kuikataa chai yangu.

Ndipo nikakupigia simu. Ulisema nini, Bakari? Nayaandika maneno yako ili uyasome mwenyewe: "Kaka, hawakuguswa. Wamejengewa juu tu. Tena upande ule ni wa watoto, maji hayafiki kiunoni." Nilipokuuliza kama unajisikia unavyosema, ulikata simu.

Nami sijitakasi. Karatasi za mauzo ulinitumia nitie sahihi, ukanihakikishia kwamba ua wa makaburi haumo. Nilizisoma kama insha ya mwanafunzi: nikasahihisha makosa mawili ya herufi, nikatia sahihi, nikazirudisha. Ramani iliyoambatishwa nyuma sikuifunua. Karatasi za mtu mwingine ningalizisoma mara tatu. Zilikuwa zako.

Unajua kwamba niliwausia wanangu wanilete huko nizikwe miguuni pa mama. Jana niliwaita, nikautengua usia huo, kisha nikaenda kwa msimamizi wa makaburi ya Waislamu hapa mjini kuomba nafasi. Alishangaa.

"Mwalimu, si kila siku unatuambia wewe ni mtu wa Pwani?"

"Nilikuwa," nikamjibu. Akaniandika jina.

Kadi mpya nimeitia humu, ni yako. Ya zamani nabaki nayo, kwa kuwa hakuna mahali pengine ninapoweza kuliona kaburi la mama.

Unisalimie shemeji Saumu, yeye simlaumu. Unisalimie binti yako Zuhura, umwambie mwanangu yule asione haya kuniandikia, kosa si lake. Na umsalimie sana Shangazi Mwanaidi, aliyemwosha mama siku ile na kumvika sanda. Mwezi uliopita uliniandikia kwamba, ingawa macho yamemwisha, bado unampeleka kila Ijumaa kaburini akamsomee mama Fatiha. Simu usinipigie. Niandikie jibu la swali hili moja tu: unamketisha wapi?

Ni mimi kaka yako,
Salim