Nazi Yako Imo Kwenye Albamu

Hamburg

Mama yangu,

Shikamoo. Salamu zikufikie ukiwa mzima, na goti la Baba liwe limepata nafuu. Je, kina mama wa kikundi chenu bado mnapanda mikoko, au matope yamewapa likizo? Mimi sijambo, Alhamdulillahi. Baridi ya huku hunikaripia kila asubuhi niendapo kuosha vyombo hospitalini, lakini leso zako nazivaa ndani ya koti bila aibu.

Albamu ya bendi yetu imetoka, Mama! Ya kwanza! Mwanahamisi wa Ukunda, ninayeishi naye hapa, ndiye anayekuletea barua hii pamoja na flashi. Mpe Kaka Juma aichomeke kwenye redio yake. Utasikia vinanda vya umeme na ngoma za mashine, na Lena, mwimbaji wetu, akiimba Kijerumani. Usicheke. Kinanda kimoja nakipiga mimi.

Wimbo wa mwisho usingekuwepo bila wewe. Ulikuwa umetushinda. Mashine haikosei hata kidogo, basi wimbo ukawa umepoa kama wali wa jana. Siku moja nilikuwa jikoni nikisikiliza ule ujumbe wa sauti ulionitumia huku ukikuna nazi, maana wewe kukaa bure huwezi. Jonas, anayetutengenezea ngoma za mashine, akaacha kula.

"Nani anapiga hivyo?"

Nikamwambia ni mama yangu, ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, na kila anaponyamaza anageuza kifuu. Tukauweka mkwaruzo wako badala ya mashine. Wimbo ukaamka, nami nikalia.

Shida ilikuwa mwishoni mwa ujumbe, pale uliponiombea dua. Jonas aliitaka nayo. Nikamwambia kwetu dua ya mzazi huitikiwa Amin, haichezewi dansi. Wenzangu wa bendi wakanuna. Wakasema bila maneno yale wimbo hauna roho, heri uachwe, na kama siwezi kuamua, nikuulize mwenyewe. Nikakupigia simu. Nilijua ukikataa huenda nikabaki bila bendi, na ukikubali kwa kunihurumia, ningebaki na donge moyoni.

Ukasema, "Nazi hukunwa kila nyumba, hiyo chukueni. Lakini dua nilikuombea wewe, mwanangu, sikuwaombea wacheza ngoma. Huyo mwenzio mwambie aje huku kwetu Gazi, nami nitamwombea yake."

Nilipomfasiria, Jonas aliyafuta maneno kwa mkono wake mwenyewe. Sasa kila siku ananiuliza Gazi ni umbali gani. Ahsante, Mama. Hukunigombeza, wala hukuniuliza muziki utanifikisha wapi. Ulinitoa kwenye tope nililoshindwa kutoka.

Nisalimie Baba, na Kaka Juma na mkewe. Shangazi wa Msambweni mwambie achali yake ya maembe imekwisha, Wajerumani wameilamba hadi chupa. Bibi mshikie mkono kwa niaba yangu.

Ukifika kwenye wimbo wa mwisho, sikiliza vizuri. Kuna mahali vinanda vyote vinanyamaza, na nazi pia. Pale ndipo ilipokuwa dua yako. Hatukupaziba. Tulipoupiga mbele ya watu, wengine walidhani mitambo imeharibika, wakaanza kuguna.

Mimi nilikuwa naitikia Amin.

Mwanao akupendaye,
Riziki