Skrubu Mbili za Mpini wa Bastola

Baba mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi lako hapa Mkomaindo. Neema amelala chini ya meza juu ya kanga, mchana huu wa jua kali, na nzi wanamsumbua. Mbele yangu kuna kipande cha mpingo. Kina siku tatu hapo na sijakipitisha msumeno. Watu wanadhani naogopa kukiharibu. Kuna jambo sijakuambia, baba, na nimeona siwezi kukata mti huu kabla hujalisikia.

Unamkumbuka Baba Zuhura, yule mnunuzi wa korosho mwenye bastola ya kibali. Alipokuletea ile bastola mara ya kwanza, mpini wake wa plastiki ulikuwa umepasuka pande zote mbili. Ulikataa kuishika. Ukamwambia wewe ni fundi wa vyerehani na kufuli, akatafute fundi wa silaha. Akabembeleza mpaka ukacheka, ukamwambia, "Ya ndani siyagusi. Mimi naishia kwenye mbao." Kila alipokuja alikuja nayo tupu, risasi ameziacha nyumbani, akakaa kwenye kigoda magoti yakigusa benchi, asiiache hata dakika moja.

Ukamchongea mbao mbili za mpingo, ya kulia na ya kushoto, kila moja inashikwa na skrubu moja ndogo kama punje ya mtama. Jicho lako la kushoto lilikuwa limeshaanza ukungu. Ulikuwa ukipiga msasa, unafumba macho, unapapasa kwa kidole gumba, unapiga tena. Ulipomaliza uliniita nitazame, nikaona dirisha zima limo ndani ya ule mti. Ulisema pengine ndiyo kazi yako nzuri ya mwisho. Nikakuambia usiseme hivyo. Ukasema, "Nasema kwa sababu nimeridhika."

Tangu niliporudi kwako na mtoto wa miezi minne na begi moja, hukuniuliza habari za mume wangu hata siku moja. Ulinipa bisibisi na tupa. Ukanionyesha kunoa ncha ya bisibisi mpaka ikae kwenye mfereji wa skrubu bila kucheza, na kwamba ikicheza nisizungushe, ninoe tena. Ukanionyesha skrubu iliyogoma inavyopewa tone la mafuta ikaachwa, kisha robo mbele, robo nyuma, pole pole. Nilikuwa macho yako, wewe ukawa mkono wangu. Wateja wakaanza kusema kwa Mzee kuna mafundi wawili.

Kisha shangazi akafariki Newala, ukaenda kuzika. Ulipanda basi na dumu la maji la lita ishirini kwa sababu ulijua kule juu shida ya maji ikoje. Kondakta akakutania, "Mzee, unaenda kuzika au kuuza maji?" Ukamjibu, "Maiti tutamwosha kwa mate yako?" Basi zima likacheka, na mimi pale chini nikacheka huku nimembeba Neema anayechemka homa. Sikukuambia ana homa, maana ungeshuka.

Siku ya pili yake Baba Zuhura akaja. Skrubu zimelegea, mbao zinacheza. Angengoja urudi, lakini msimu ulikuwa umeanza na alikuwa na safari za vijijini. Nilizifungua vizuri tu. Nikaona matundu yamelika, skrubu inazunguka bila kushika. Wewe ungezungushia uzi mwembamba wa shaba, ungekaa nusu siku. Mimi sikuwa nimelala siku mbili, na mtoto alikuwa analia.

Nikamkumbuka bibi. Mpini wa kisu ukilegea alikuwa anachoma maganda ya korosho, anachukua yale mafuta meusi yanayotoka, anapaka, anasukuma. Yakipoa yanakuwa kama lami, kisu hakitoki tena. Nikaiacha bastola mbele ya mwenyewe, nikaenda na zile skrubu mbili jikoni nyuma. Nilichoma maganda, nikazichovya, nikarudi kuzikaza. Tone likanidondokea kwenye kidole gumba, likaniunguza mpaka nikauma ukosi wa gauni. Baba Zuhura akatikisa mpini, haukucheza. Akasema mkono wa mzee umerithiwa.

Wewe ulirudi na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Hata kabla hujakaa ulikiona kidole. Ngozi ilikuwa imeshababuka. Ukauliza, "Umebangua korosho?" Nikasema ndiyo. Ulitafuta mafuta ya nazi, ukanipaka, ukanifunga kitambaa ulichochana kwenye fulana yako. Ukaniambia nikibangua nijipake majivu kwanza. Wakati unafunga lile fundo nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikutazama mikono tu.

Masika ikapita. Baba Zuhura akarudi, kutu inachungulia chini ya mbao, anataka zitolewe asafishe. Ukanoa bisibisi. Ukaweka mafuta, ukangoja. Ukajaribu upande wa kushoto siku nzima. Skrubu haikusogea, kichwa kikaanza kuliwa, mfereji ukawa kishimo tu. Ukachokonoa pembeni kwa sindano, ukatoa chembe nyeusi, ukainusa. Hukunitazama usoni, baba. Ulinitazama kidole gumba. Kovu lilikuwepo.

Ndipo ulipochukua tindo. Ukaipasua ile mbao yako mwenyewe, kwa kugonga mara moja, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kuifikia skrubu. Nilisikia mpingo ukilia. Baba Zuhura akasimama, akauliza binti aliweka nini humu. Na wewe, ambaye sijawahi kukusikia ukidanganya hata mtoto, ukasema, "Ni mimi niliyemwagiza aweke ile dawa. Macho yamekwisha, na akili nayo inafuata. Nisamehe. Upande huu wa kulia uache, ukiugusa nao utaupoteza."

Nilikuwa nimesimama hapo na mtoto mgongoni. Sikusema neno. Jioni ulikula kama kawaida, ukamchezea Neema. Kuanzia siku ile Baba Zuhura akawa anasimulia mjini kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa. Wengine wakaacha kuleta kufuli zao kwako, wakawa wanasema niletewe mimi. Uliona yote. Kila siku nilipanga kukuambia kesho. Halafu kikaja kile kifua, ukakaa hospitali siku tano, na siku zote tano nilikuwa nakuuliza utakunywa uji au chai.

Juzi Baba Zuhura amekuja kutoa pole. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigoda kilekile. Akatoa bastola tupu, upande wa kushoto amefunga utepe mweusi. Akasema uliwahi kumwita hospitali, ukamwambia ukiondoka kazi ndogondogo aniletee mimi, kwa sababu binti hajawahi kukosea, aliyekosea ulikuwa wewe.

Baba, nilitamani kunyamaza. Chakula cha Neema kinatoka kwenye benchi hili. Lakini nilishachoka kukaa ndani ya uongo wako kama mtu aliyejifunika shuka la marehemu. Nikamwambia, "Baba hakuniagiza. Alikuwa Newala anazika. Niliweka mwenyewe, na alipojitwika kosa langu nilikuwepo, nikanyamaza. Akili yake ilikuwa nzima mpaka siku ya mwisho, na wewe kote ulikokwenda kusema vingine, ukaseme hivyo."

Aligeuzageuza ufunguo wa pikipiki. Kisha akaniuliza kama naweza kuufungua huu wa kulia. Nikanoa bisibisi mpaka ikakaa. Nikapasha msumari kwenye jiko, nikaugusisha kwenye kichwa cha skrubu, nikahesabu pumzi, nikautoa. Nikarudia mara nne, mpaka ikaanza kunuka korosho. Robo mbele. Robo nyuma. Ikaja, baba. Imetoka nzima na gamba lake jeusi, na mbao yako haina hata mkwaruzo.

Baba Zuhura akaishika ile mbao, akaipangusa kwa shati. Akasema, "Ya kushoto tengeneza wewe. Ila safari hii ikiharibika, useme mwenyewe." Mbao yako ameniachia niifuatishe, akaondoka na bastola yake.

Sasa mbao yako ipo hapa kando ya kipande kipya. Nimeshamwambia Baba Zuhura, nimewaambia majirani, na Jumapili nilimwambia mchungaji. Wote hao wamesikia kabla yako, na wewe ndiye niliyekudanganya kwanza, huku unanifunga kidole.

Sikubangua korosho siku ile, baba.

Neema anaamka. Nampa uji, kisha naanza kukata.

Binti yako,
mwenye kovu kwenye kidole gumba.