Mti wa Nyuma Haukuwa wa Fundo Moja

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa, kwa kuwa shahidi hajatimiza miaka kumi na minane
Umri: miaka 16. Jinsia: Ke
Kazi: mwanafunzi wa sekondari
Makazi: kwa bibi yake mzaa mama, nyumba yenye lango la bluu nyuma ya karakana ya baiskeli
Yamechukuliwa Jumatano tarehe 14, kuanzia saa 9:20 alasiri, mama mdogo wa shahidi akiwepo. Shahidi ameomba aandike kwa mkono wake mwenyewe.

Naandika kwa sababu nikisema nitalia, na afande wa mezani ameniambia karatasi haina macho. Jana bibi yangu alihojiwa katika chumba hiki na akasema kanda za mimea alizifunga yeye. Si kweli. Nilizifunga mimi.

Nieleze kwanza kanda ni za nini. Uani kwetu bibi amepanda mimea ambayo watu wengi hawajui kama inaliwa. Kuna wa majani ya mviringo yenye ukali wa pilipili. Kuna maua ya bluu ya kutia kwenye chai. Kuna ua dogo la manjano, ukilitafuna ulimi unakufa ganzi; hilo bibi analiita Daktari wa Meno na wageni wote huonjeshwa bila kuonywa. Kwenye kona, karibu na tangi la maji, kuna mti wa majani mapana mfano wa mpapai. Huo anauita Mkaidi. Unaliwa kama mchicha, ila ukiwa mbichi una sumu, na hautulii mpaka uchemke dakika ishirini. Hayo ya Mkaidi nimeyajua juzi.

Bibi hajui kusoma, na tangu mwaka juzi ana mtoto wa jicho. Kwa hiyo kila mmea una ukanda wa kitambaa uliofungwa kwa mafundo. Fundo moja, kula mbichi. Mafundo mawili, chemsha kwanza. Mafundo matatu, tazama tu. Kila asubuhi anapita akipapasa ukanda mmoja mmoja, kama anayehakikisha wajukuu wote wameamka.

Vitambaa hivyo ni mabaki kutoka kwa jirani yetu, fundi cherehani, ambaye mtaani wanamwita Mama Sindano. Ana ruhusa ya kuingia na kuchuma hata kama hatupo. Yeye na bibi hutaniana sana. Utamsikia, "Mama, majani haya! Kila nikitoka humu najiona ng'ombe." Na bibi anamjibu, "Ng'ombe ana maziwa, mwenzangu. Wewe una nini?" Sheria ya mafundo anaijua vizuri kuliko mimi.

Mnamo Ijumaa tarehe 9 mwalimu wa baiolojia aliuliza ni nani ambaye kwao kuna mmea wa chakula usio wa kawaida. Nilinyoosha mkono. Sijui mkono ule ulitoka wapi, maana tangu muhula uanze nilikuwa sijaunyoosha. Mwalimu akasema kesho atakuja na wenzangu watatu kuona.

Jumamosi tarehe 10, saa 3 asubuhi, bibi alikwenda kwenye kikao cha kina mama. Nilibaki nikiiangalia bustani kwa macho ya wale wageni. Vitambaa vya kila rangi, kimoja kipande cha pajama. Niliona watasema kwetu tumetundika hirizi. Nikafungua mafundo yote, kanda ishirini na tatu, nikazitia kwenye mfuko wa mkate. Mahali pake nikachomeka vibao vya plastiki nilivyokata kwenye ndoo kuukuu, nikaandika majina kwa kalamu nzito. Jina la kila mmea nilikuwa nalijua kwa lugha zote mbili za shuleni, na la kitaalamu juu yake. Lakini unaliwaje, hilo lilikuwa kwenye mafundo, na mafundo nilikuwa nimeyafungua bila kuandika popote.

Wageni walikaa kuanzia saa 4 hadi saa 5:30. Mwenzangu mmoja alitafuna Daktari wa Meno, akatokwa na udenda mpaka kwenye kola. Tulicheka sote, na mimi nilicheka kwa sauti. Mwalimu alinipa mkono. Sitaki kudanganya hapa, ilikuwa siku nzuri kuliko zote za muhula.

Bibi alirudi saa 7 mchana. Saa 10 jioni nilichukua mfuko wa mkate nikaanza kufunga upya. Yeye alikuwa amekaa kwenye mlango wa jikoni akimenya maharage. Akaniita jina langu la nyumbani, "Shoto," kwa kuwa natumia mkono wa kushoto.

"Abee, bibi."

"Unafanya nini huko?"

"Nafagia."

"Mbona siusikii ufagio?"

Sikujibu. Nimezoeleka kwa kutojibu, kwa hiyo naye hakuendelea.

Kanda ishirini na mbili nilizikumbuka. Ukabaki mmoja, wa kijani wenye maua meupe, na mti mmoja, Mkaidi. Bibi alikuwa ameuchuma mara mbili tu tangu uanze kutoa majani, mimi nikiwa shule, na nilipokula ulikuwa tayari mezani. Nilisimama na ukanda mkononi. Moja au mawili? Kutoka pale hadi mlango wa jikoni ni hatua kumi. Leo asubuhi nimezihesabu. Ningeuliza tu, angeniambia. Lakini angejua pia kwamba nilizifungua, na angeniuliza kwa nini, na mimi ningemwambia nini? Kwamba nilimwonea haya? Nikafunga fundo moja.

Jumapili mvua ilinyesha kutwa na bibi hakutoka kupapasa. Jumatatu tarehe 12, saa 12 asubuhi, alikwenda kliniki ya macho na mama mdogo. Saa 1:15 nilikuwa nafunga viatu nikamwona Mama Sindano ameingia na bakuli.

"Leo nataka kitu kipya," alisema. "Mume wangu amesema nikimletea tena yale ya pilipili anahamia kwa mama yake."

Alikwenda moja kwa moja kwa Mkaidi, akashika ukanda. "Fundo moja? Kumbe huu nao ni wa mbichi! Mama alikuwa ananificha. Si ndiyo, Shoto?"

Niliitikia kwa kichwa. Nikaenda shule.

Nimeambiwa aliyasaga majani hayo mabichi pamoja na nanasi akanywa glasi mbili. Saa 4 alianza kutapika na kuona kizunguzungu, na mteja aliyekuja kupima gauni ndiye aliyempeleka hospitali. Alitoka jana asubuhi. Leo nimemwona dirishani anakunywa uji. Alinipungia mkono, nikajificha.

Jumatatu jioni bibi aliporudi na kusikia habari, alikwenda kwa Mkaidi kabla hajavua viatu. Aliushika ukanda muda mrefu. Mimi nilikuwa nyuma yake. Akageuka, akasema, "Umekula?" Nikasema bado. Akasema, "Kale."

Jumanne mume wa Mama Sindano alikuja kituoni kulalamika, maafande wakaja kuchukua ukanda, na bibi akaitwa. Alisema, "Nilifunga mimi. Macho yangu ni mabovu." Mjomba alifika mchana. Alisema mama yake haoni tena, kwamba atashtakiwa kwa uzembe, na kwamba Ijumaa anakuja na watu wang'oe bustani yote, waanzie na huo mti. Bibi hakubishana naye. Alimwomba tu asikanyage miche.

Bibi hajakosea fundo hata siku moja. Naomba bustani ising'olewe kwa kosa la macho yake, kwa sababu macho yake hayamo kabisa katika jambo hili. Na Mama Sindano naomba aambiwe kwamba kichwa kile nilichoitikia nacho hakikuwa na uhakika.

Niliyoyaandika ndiyo yaliyotokea. Nimeyasoma tena na hakuna neno ninalotaka kufuta, isipokuwa lile la "Nafagia."

Saini ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa: Shahidi ameandika na kusaini mbele yangu kwa mkono wa kushoto, bila kushurutishwa. Saa 11:05 jioni, kwa ridhaa yake, nimemsomea bibi yake maelezo haya pale kwenye benchi la nje. Aliomba kushika kielelezo (ukanda wa kijani). Alisema fundo lake hulala kulia na hili limelala kushoto, na kwamba alilitambua tangu Jumatatu. Nilipomuuliza kwa nini basi alisema alilifunga yeye, alijibu, "Huyu hasemi haraka, afande. Nilikuwa namshikia nafasi." Maelezo yake ya jana yatarekebishwa, na mlalamikaji ataitwa kesho. Bibi ameomba arudishiwe ukanda, kwa kuwa mti haujafungwa chochote tangu jana. Nimemweleza kwamba kielelezo hakitoki kituoni. Nimempa kamba ya faili. Amempa mjukuu aishike, akamwambia ni mawili.