Magesa Asikatwe Kabla ya Dawa

Dar es Salaam, Jumapili

Dada Sabina,

Shikamoo, mama Magesa. Hamjambo huko Butiama? Mtama umeota? Mimi mzima kiasi changu. Kifundo cha mguu kimevimba tena, ila uzuri upo palepale, wauza genge wananigombania.

Barua nimempa dereva wa Fuso la dagaa anayerudi Mwigobero, pale Musoma. Simu yako anapokeaga shemeji, na haya nataka uyajue wewe kwanza.

Umeniuliza kama dawa yangu ya kugandisha damu inatoka kwenye damu za watu. Ni kweli. Wanakusanya majimaji ya damu ya watu wengi, wanatoa kile ambacho mimi na Magesa tumepungukiwa tangu kuzaliwa, wanakikausha kuwa unga. Nesi anachanganya na maji, ananichoma mshipani. Nilimuuliza, "Sista, na ukimwi wa watu je?"

"Wewe la sita hukumaliza, unajifanya daktari!" Halafu akaacha kucheka. Hakunificha: zamani watu waliambukizwa kweli. Siku hizi damu inapimwa kwanza, kisha dawa inapitishwa kwenye joto na kemikali za kuua virusi. Hatari iliyobaki ni ndogo sana. Mwaka wa tatu huu nachomwa, nikipimwa sina kitu. Ila kuna ambao mwili unaikataa dawa, kwa hiyo Magesa lazima apimwe.

Kwangu inafanya kazi. Goti lililokuwaga linajaa wiki mbili, nikiwahi sindano, kesho yake natembea. Nimechoka tu, dada. Foleni, na siku wanayosema dawa imeisha, rudi Alhamisi.

Sasa nasikia shemeji ameshamwandikisha Magesa kwa ngariba, Desemba. Tohara yangu unaikumbuka? Siku tatu navuja, wazee wanasema nimeficha kosa ndiyo maana damu inagoma. "Kiri, wewe!" Nikakiri kuiba jogoo wa jirani. Jogoo mwenyewe sijawahi kumwona! Baba akachinja mbuzi wa kunitakasa, damu ikaendelea. Mjomba ndiye aliyenipakia pikipiki mpaka hospitali Musoma, nimeshaanza kuona giza.

Magesa hana kosa la kukiri. Atahiriwe hospitali, achomwe dawa kabla, na siku kadhaa baadaye mpaka kidonda kipone. Daktari wetu amekubali kumwona. Mtalala kwangu, chumba kidogo lakini nakoroma kwa adabu. Shemeji akisema wenzake watamcheka mtoto, waje wanicheke mimi. Najua kujibu.

Nisalimie mama, apunguze kulia. Msalimie mjomba wa pikipiki, na yule mwalimu anayemkatazaga Magesa mpira.

Shemeji akikataa, usingoje nije nibishane naye. Mchukue mtoto, pandeni basi la alfajiri Bunda, nitawapokea huku Dar. Ukigombezwa, sema nimekudanganya mimi.

Mdogo wako asiye na heshima,
Wambura