Matuta Niliyoyanenepesha kwa Siri

Marahaba, mpwa wangu Odilia. Salamu zako zimefika hapa Kaengesa. Mama yako hajambo, anapura ulezi huku akinisema.

Unauliza: ndani ya daftari la utafiti wa dawa ya MS, huo ugonjwa wako wa mishipa ya fahamu, uandike uchovu na miguu kukakamaa kama vilivyo, au uandike nafuu ili dawa ishinde? Umemuuliza mtu sahihi. Mimi niliacha shule darasa la tano, walimu walipoishiwa cha kunifundisha.

Nikiwa kijana, bwana shamba alituletea mifuko miwili ya mbegu za mahindi, za zamani na mpya, bila majina. Hata yeye hakujua ipi ni ipi. Mimi nikajidai nimeitambua mpya kwa kuinusa. Upande wa mbegu hiyo nikafukia majani ya kurutubisha udongo, mara tatu ya kawaida, kwenye kila tuta, kwa siri. Mahindi yakarefuka hadi kunguru wakiruka wakawa wanajigonga nayo.

Bwana shamba akachimbua tuta, akaona majani yalivyojazwa. Hakufoka. "Kijana, sasa hatujui kitu. Mwakani kijiji kipande nini?"

Nikashika jembe, nikamfukulia matuta mengine yote ayaone.

Leo wewe unameza kidonge, na hata daktari anayekupa hajui kama ndani mna dawa au hamna. Wote mnausubiri ukweli! Nikiwaza hilo, mwili unanisisimka. Mgonjwa usiyemjua atatibiwa kwa maneno ya daftari lako.

Siku mbaya iandike mbaya, mama. Uongo niachie mimi.

Mjomba wako,
Deusi