Minibisi ya "Tuko Wazima"

Mujukuu wangu Neema,

Salamu utaipata ku mwisho. Dada yako amezaa mutoto mwanaume, analia na sauti yako.

Unauliza sababu gani kwetu tunalala mu minibisi wakati wa safari, hapana mu tente, ile hema ya kitambaa. Nilikuwa musichana, tulienda kwa mujomba, kule Kpandroma. Nyumba ilikuwa ndogo, baba akasimamisha tente mu kiwanja. Asubuhi wamama wakafika na kuni, wanalia: "Nani amekufa?" Kwetu, tente ni ya kilio! Mama akatoka mbio: "Tuko wazima!" Wakacheka mpaka kukaa chini.

Baba akatafuta minibisi nzee, akaweka matela ya kulalia mu safari, akaandika nyuma maneno ya mama. Vita ilitufukuza mara mbili, ile minibisi ikatubeba wote. Sasa pokea salamu: tuko wazima.

Koko wako