Ujumbe Niliotuma kwa Jina Lako

Papa,

Nimemwona Tonton Deo, rafiki yako wa ujana. Naanza na hilo maana najua ndilo ungeuliza kabla hata ya kuuliza habari za nyumbani. Mzima. Amekonda, midomo imebabuka kwa jua na chumvi, na amefuga ndevu ambazo ungemcheka mpaka ukohoe. Boti yao ilifika Cape Town salama, ikapumzika hapo siku nane kabla ya kuendelea na mashindano yao ya tanga ya kuzunguka dunia, nami nikapanda ndege kutoka Kigali kumfuata. Mimi huyu, ninayeogopa hata boti ya Ziwa Kivu.

Ilibidi niende, Papa. Nilifanya kosa ambalo halikuweza kusahihishwa kwa simu.

Siku tatu baada ya kukuzika, nyumba yetu ya Batsinda ikiwa bado imejaa viti vya kuazima, simu yako ililia. Ujumbe kutoka katikati ya bahari: "Muzee, upepo imekufa. Siku ya pili tunakaa tu. Unasema nini?" Nikampelekea Shangazi Veneranda. Akasema mtu hapewi habari ya msiba akiwa njiani, mbali na watu wake. Anakalishwa kwanza, watu wakae pembeni yake, ndipo anaambiwa. Basi ninyamaze mpaka afike nchi kavu.

Aliniambia ninyamaze, hakuniambia nijibu. Lakini nilimfikiria mzee mwenye miaka sitini na kitu, aliyejifunza tanga pamoja nawe mkiwa vijana kule Bujumbura, sasa yuko majini anakusubiri. Nikaandika: "Vumilia. Upepo utarudi tu." Sikuweka jina. Simu yako ilikuwa imeshaliweka.

Wiki tatu, Papa! Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Remera nilikaa kwenye kiti chako mlangoni, nikatazama kile kidoti cha boti kwenye ramani kama ulivyokuwa ukifanya, nikawa wewe. Na ilinisaidia. Kwa dakika tano kila siku hukuwa umekufa. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndiyo kweli yenyewe. Siku moja akauliza wapunguze tanga au waliache. Mimi najua nini kuhusu tanga? Nikaandika: "Msikilize nahodha."

Bandarini alinyoosha mikono kunikumbatia huku macho yakitazama nyuma yangu. Alikuwa anakutafuta. Goti lilikukatalia kusafiri naye, ukamwahidi kwamba utampokea pale, na yeye aliishika ahadi hiyo bahari nzima. Nikamkalisha kwenye benchi. Nikawaomba wenzake wawili wa botini, Wazungu, wakae huku na huku. Hawakuelewa kitu, lakini walikaa. Nikamwambia.

Alilia kwa sauti, akikuita jina la utotoni la kule mtaani kwenu Buyenzi, jina ambalo sisi watoto wako hatujawahi kulisikia.

Kisha nikamwambia la pili: kwamba wiki zote tatu aliyekuwa akimjibu ni mimi. Akainuka, akaingia botini. Nilikaa pale na wale Wazungu wawili, sijui nitazame wapi. Nilijua nimempoteza naye pia, mtu pekee aliyebaki anayekukumbuka ukiwa kijana, na nimemfukuza mwenyewe.

Akatoka na ndoo na kikombe. Akakunja mikono ya shati, akanyoosha viganja mbele yangu. "Miye sijakaraba," alisema. Nikaelewa. Wote waliokuzika walinawa mikono walipotoka makaburini, na yeye hakupata nafasi hiyo. Nikammiminia maji taratibu. Halafu akachukua kikombe, akanimiminia na mimi, ingawa nilikuwa nimenawa siku ile ile na wengine.

Ndipo akaomba simu yako. Akasoma niliyoandika, ujumbe mmoja mmoja, akafika kwenye ule wa nahodha, akacheka huku machozi yanamtoka. "Papa yako hakumusikilizaka nahodha hata siku moja! Nilifikiri malaria imemupanda mu kichwa." Akasema siku zile za upepo kukatika, maneno yale ndiyo yaliyomtoa kitandani. "Sikukasirikie, mutoto. Endelea kuandika. Lakini weka jina yako."

Waliondoka Jumapili, wanaelekea Australia. Leo asubuhi nimemwandikia kwa simu yangu. Nilifuta mara nne. Mwisho nikaandika tu kwamba Kigali mvua imenyesha usiku kucha, kwamba ninamkumbuka sana Papa, ni mimi Clémentine. Jibu limekuja nikiwa nimeshafika kazini: "Na miye. Basi tuko wawili."

Kwaheri, Papa. Simu yako naizima leo. Nakuahidi sitamwacha mwenzako peke yake huko majini hata asubuhi moja mpaka afunge boti nyumbani. Nitaandika vibaya, nitamshauri ovyo kuhusu tanga, lakini atajua ni nani anayemwambia.

Binti yako,
Clémentine